Njaa Katikati ya Chakula Kingi: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi Moja la Farasi-Bahari Kibete

Tangi linalochambuliwa hapa lilikuwa la lita 80, lenye farasi-bahari kibete wanane waliozaliwa na kukuzwa tangini, madume manne na majike manne. Mwenyewe aliomba ushauri baada ya jike mmoja kufa na wenzake kuanza kukonda, ilhali chakula, kama alivyosisitiza, hakikukosekana majini hata siku moja. Alikuwa akiwapa lava wa atemia, yaani wachanga wa kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, tena kwa wingi. Kwa kuwa aliamini lishe imekamilika, alishuku maradhi ya bakteria na akataka kujua ni dawa gani ya kutia majini. Nilimsihi asitie dawa yoyote kabla hatujajibu swali moja: je, chakula kilichomo majini kinafika matumboni?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa spishi hii. Farasi-bahari kibete, Hippocampus zosterae kwa jina la kisayansi, hupatikana katika nyasi bahari za maji mafupi ya Ghuba ya Meksiko na ya pwani za Florida, Bahamas na Kuba. Mkubwa wake kwa kawaida ana urefu wa sentimita 2 hadi 2.5, na umri wake ni mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, hivyo wiki chache za lishe mbaya zinamla sehemu kubwa ya maisha. Kama farasi-bahari wote, hana tumbo la kuhifadhia chakula wala meno ya kukitafuna. Anachofyonza kwa mdomo wake wa mrija hupita upesi kwenye utumbo, na sehemu kubwa hutoka kabla haijasagwa vizuri. Kiumbe wa namna hii hawezi kushiba asubuhi akasubiri jioni. Huko baharini huokota vijidudu mmoja mmoja tangu kunapopambazuka hadi giza linapoingia, akiwa amejishikiza kwenye jani kwa mkia wake.

Dalili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyekaa akatazama. Mwili wa farasi-bahari umezungukwa na pete za mifupa, na anapokonda, ngozi iliyo kati ya pete za tumboni hubonyea ndani badala ya kutuna kidogo. Majike watatu waliobaki walikuwa wamebonyea hivyo. Madume walikuwa na afadhali, lakini mifuko yao ya kulelea mayai ilikuwa imelegea, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amebeba mimba. Hapakuwa na vidonda, ukungu mweupe, uvimbe wala kupumua kwa haraka. Vipimo vya maji navyo havikuonyesha kosa: amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu, hazikuwapo, nitrati ilikuwa chini ya miligramu 20 kwa lita, joto lilikuwa nyuzi 24 za Selsiasi, na uzito linganishi wa maji, unaoonyesha kiasi cha chumvi, ulikuwa 1.024. Maji mazuri, wanyama wasio na jeraha na kukonda kwa wote kwa pamoja ni mambo matatu ambayo, yakikutana, hunielekeza kwenye lishe kabla ya maradhi. Bakteria aghalabu humwanzia mmoja, tena humwanzia kwenye ngozi au mkiani.

Nilichomwomba mwenye tangi kilikuwa rahisi, na nadhani ndicho kipimo kilichoamua kisa kizima. Achague farasi-bahari mmoja, amtazame kwa robo saa mara tu baada ya kulisha, na ahesabu ni mara ngapi anafyonza; kisha arudie saa moja baadaye. Mara ya kwanza aliona mifyonzo michache mno, na mara ya pili hakuona hata mmoja. Hawakuwa wamekataa kula. Kila lava aliyepita karibu na mdomo alifuatwa kwa macho na kushambuliwa, ila waliopita karibu walikuwa wachache. Lava wengi walikuwa wamejazana kwenye pembe moja ya juu, chini ya taa, kwa kuwa lava wa atemia huvutwa na mwanga, na waliosalia walikuwa wakinyonywa na kichujio cha kuning'inia ambacho mkondo wake ulizungusha maji ya tangi lote.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha uchunguzi kuhusu spishi hii hii, wakionyesha kuwa umbo la kichwa chake huyaacha maji yaliyo mbele ya mdomo yakiwa karibu hayajatikisika, na hivyo humwezesha kumsogelea kopepodi, kijidudu mwepesi mno wa kukimbia, bila kuhisiwa. Katika maji matulivu hufanikiwa kukamata takriban mara tisa kati ya kumi, na pigo lenyewe huchukua chini ya milisekunde moja. Lakini pigo hilo hufanyika kwa umbali wa milimita moja hivi. Zaidi ya hapo, mwindaji huyu hana kitu. Ni miongoni mwa samaki wazito kabisa wa kuogelea, na hatavuka tangi kukifuata chakula kilichokusanyika upande wa pili. Sifa yake ya kuwinda na udhaifu wake ni kitu kimoja: anajua kula kinachomjia, na kinachomjia hutegemea wingi wa lava katika kila lita ya maji na utulivu wa maji yenyewe.

Hesabu inaeleza vizuri kuliko maneno. Tuseme mlo mmoja una lava 20,000, kiasi ambacho machoni pa mlishaji ni wingu zito la rangi ya chungwa. Katika lita 80 wanakuwa 250 kwa kila lita, hata kabla ya taa kuwavuta pembeni na kichujio kuwameza. Mlo huo huo katika lita 20 unakuwa 1,000 kwa lita. Mwenye tangi alikuwa amenunua chombo kikubwa kwa nia njema, kwa kufuata kanuni inayowafaa samaki karibu wote, kwamba maji mengi huvumilia makosa. Kwa farasi-bahari kibete kanuni hiyo ina gharama ambayo haionekani kwa kupima maji: ukubwa wa chombo ni sehemu ya lishe. Anayechagua tangi tayari ameshaamua ni vijidudu wangapi watakaopita mbele ya mdomo wa mnyama wake kwa saa.

Hata hivyo, msongamano haukuwa kosa pekee. Niliuliza lava hao walianguliwa lini, na hapo ndipo jambo la pili lilipojitokeza. Mwenye tangi alikuwa akiangua mayai mengi kwa mkupuo mmoja katika chupa moja yenye hewa, kisha akichota humo humo asubuhi na jioni hadi waishe. Alichokuwa akichota siku ya tatu hakikuwa tena chakula alichokuwa amekiangua.

Yai la atemia, likiwekwa kwenye maji ya chumvi yenye nyuzi 25 hadi 28, hewa ya kutosha na mwanga, huanguliwa kwa saa 24 hivi. Lava anayetoka ana urefu wa chini kidogo ya nusu milimita na amebeba kiini cha yai, ambacho ndicho kinachompa rangi ya chungwa. Bado hana kinywa kinachofanya kazi, kwa hiyo hata akiwekwa kwenye mwani hawezi kula. Anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo. Baada ya saa nane hivi huambua gamba lake la kwanza, na tangu hapo anaweza kuchuja chembe majini. Asipopewa chochote, akiba huendelea kuungua. Katika saa 24 za kwanza baada ya kuanguliwa hupoteza kiasi cha robo ya nishati yake, huku akizidi kurefuka, kuwa mwangavu na kuogelea kwa kasi zaidi. Farasi-bahari anayemkamata huyo ametumia nguvu zaidi kupata mlo wenye faida ndogo zaidi. Lava wa siku tatu asiyelishwa anajaza macho ya mlishaji, lakini utumboni haachi kitu cha maana.

Zaidi ya hayo, hata lava aliyeanguliwa asubuhi hiyo ana upungufu wa asili. Atemia karibu hawana asidi ya mafuta ya omega-3 inayofupishwa DHA, ambayo samaki wa baharini wanaihitaji na miili yao haiwezi kujitengenezea vya kutosha. Kopepodi wanayo, na ndiyo maana hakuna mlo wa atemia unaolingana kikamilifu na ule wa nyasi bahari. Dawa ya upungufu huu ni kuwarutubisha: lava walioambua gamba la kwanza huwekwa kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi 12, katika maji yenye mwani mdogo sana au unga wa mwani wenye DHA nyingi, wakajaza utumbo wao, kisha wakapelekwa tangini mara moja kabla hawajakimeng'enya walichokula. Wapo wanaoona hatua hii kuwa ya anasa. Kwa mnyama anayelishwa atemia peke yake tangu siku ya kuzaliwa hadi kufa, mimi naiona kuwa ya lazima, na kwa majike wanaotakiwa kutunga mayai kila baada ya wiki chache naiona kuwa ya lazima zaidi.

Ushauri uliofuata ulihusu chombo kwanza. Farasi-bahari saba waliobaki walihamishiwa kwenye tangi la lita 20 lililojazwa maji ya tangi la zamani, likiwa na kichujio cha sponji kinachosukumwa na hewa. Sponji hiyo iliwahi kukaa ndani ya tangi kubwa kwa muda wa kutosha kuota bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Hili la sponji iliyokomaa halikuwa la kupuuzwa. Tangi jipya lisilo na bakteria huchukua mwezi mmoja au zaidi kukomaa, na maji machache huchafuka upesi, hususan pale chakula kinapomwagwa mara kadhaa kwa siku. Pingamizi la kawaida dhidi ya chombo kidogo, kwamba hakivumilii makosa, ni la kweli kabisa, na jibu lake ni kazi ya kila siku: kunyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, kubadilisha maji kidogo kidogo kwa maji ya chumvi yenye joto na uzito uleule, na kujazia maji yasiyo na chumvi kadiri yanavyopungua kwa mvuke, kwa kuwa chumvi haipai pamoja na mvuke. Asiyeweza kazi hiyo asimfuge mnyama huyu. Nasema hivyo bila ukali, kwa sababu anayeumia ni mnyama.

Kuhusu mlo, mwenye tangi aliacha chupa moja kubwa akaanza na mbili ndogo zinazopishana kwa saa 12, ili kila mlo uwe na lava wapya au lava waliorutubishwa vya kutosha. Mlo wa tatu uliongezwa adhuhuri. Taa ilipunguzwa ukali na kuwekwa katikati ili lava wasikimbilie pembeni, na mimea bandia yenye majani membamba ikapangwa mahali ambapo lava hukusanyika, wawindaji wapate pa kushika mkia papo hapo. Kanuni ya kiasi niliyompa haikuwa ya kijiko. Saa moja baada ya kulisha, kila farasi-bahari awe na lava wachache mbele ya uso wake. Mlo unaofuata unapokaribia, maji yawe karibu meupe. Wakibaki wengi, wanazeeka tangini na kuliwa wakiwa wamekwisha thamani, au wanakufa na kuoza.

Matumbo yalianza kutuna ndani ya wiki ya kwanza, na madume wakaanza tena kujaza mifuko yao maji na kuwachezea majike wakati wa asubuhi. Jike hutaga mayai ndani ya mfuko wa dume, naye dume huyabeba kwa siku 10 hadi 12. Vifaranga wa kwanza walipozaliwa, wakiwa na urefu wa milimita nane hivi na umbo kamili la wazazi wao, mwenye tangi alidhani kisa kimekwisha. Kumbe sehemu yake ngumu zaidi ilikuwa ndiyo inaanza.

Vifaranga walikufa wawili watatu kwa siku. Matumbo yao yalikuwa na rangi ya chungwa, maana yake walikuwa wameshiba. Wengine walikutwa wamekwama kwenye kioo wakiwa hai, mkia umepinda na kukakamaa, na wengine wakiwa na doa jeupe mkiani au puani. Wakubwa walionekana wazima, isipokuwa dume mmoja aliyekuwa akikunjua mkia kila aliposhika mmea fulani, kana kwamba umemchoma. Na kweli ulikuwa umemchoma. Usiku, taa ikiwa imezimwa, kurunzi na kioo cha kukuzia vilionyesha nyuzi fupi nyeupe zenye minyiri kwenye kioo, kwenye majani bandia na juu ya sponji: hidroidi, jamaa wa konyeza, ambao minyiri yao ina chembe za sumu. Samaki wa kawaida hata hawatambui kuwepo kwao. Kwa kifaranga wa milimita nane anayelazimika kushika kitu kwa mkia ili aweze kula, kila mahali pa kushika palikuwa mtego.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa kuwa uhusiano wa matatizo haya mawili ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Hidroidi hula kilekile wanachokula farasi-bahari kibete. Hali tuliyoitengeneza ili wanyama washibe, yaani maji matulivu, chombo kidogo na lava wengi katika kila lita mara tatu kwa siku, ndiyo hali bora kabisa kwa hidroidi pia. Bila shaka walikuwapo tangu tangi la zamani, wachache na wenye njaa, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameweka humo mwani hai na kipande cha jiwe kutoka tangi la matumbawe. Wakahamia na sponji na maji, wakapata karamu. Huu si ushahidi kwamba ongezeko la chakula lilikuwa baya. Bila hilo majike wangekufa. Ni ushahidi kwamba kwa spishi hii usafi wa kinachoingia tangini hauwezi kutenganishwa na wingi wa chakula, na kwamba anayeongeza kimoja analazimika kukaza kingine.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni fenbendazoli, dawa ya minyoo inayotumiwa kwa mifugo, ambayo huua hidroidi kwa kiasi kidogo ambacho farasi-bahari hukivumilia. Ina masharti yake: huua pia konokono na baadhi ya minyoo wenye manufaa, huganda katika mawe yenye vitundu na kuendelea kuwadhuru konokono kwa muda mrefu baadaye, na hidroidi wanaokufa kwa wingi huoza na kupandisha amonia. Ya pili ni kuwahamisha wanyama kwenye chombo kitupu chenye maji mapya, kisha kulikausha na kulitakasa tangi lote. Niliipendelea ya kwanza kwa wakubwa, kwa kuwa kuwahamisha mara ya pili katika muda mfupi kungewachosha, na kwa kuwa hidroidi husafiri kwa tone la maji, kwa hiyo chombo kitupu hakibaki kitupu kwa muda mrefu. Vifaranga waliokuwa hai walitengwa kwenye chombo kidogo kilichosuguliwa, chenye vijiti laini vya kushika vilivyobadilishwa kila siku. Konokono waliondolewa kabla ya dawa kutiwa. Kiasi cha dawa kilipimwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo na kulingana na lita halisi za maji, si lita zilizoandikwa kwenye tangi. Dawa ilirudiwa, amonia ikapimwa kila siku, na maji yakabadilishwa kila ilipoonekana kupanda.

Mwani hai na jiwe havikurudishwa. Mayai ya atemia nayo yalianza kushughulikiwa upya. Yalilowekwa kwanza majini hadi yakawa duara, kisha yakaingizwa kwa dakika chache katika sodiamu haipokloraiti, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, hadi ganda la kahawia likayeyuka na rangi ya chungwa ikatokea, halafu yakasuuzwa kwa maji mengi mpaka harufu ya klorini ikaisha kabisa. Yai lililomenywa hivyo haliingii tangini na vijidudu vilivyonata kwenye ganda, wala haliachi maganda matupu ambayo farasi-bahari akiyameza hawezi kuyasaga. Lava walioanguliwa walichujwa kwenye kitambaa chenye matundu madogo na kusuuzwa kwa maji safi, na maji ya chupa ya kuangulia, yenye bakteria wengi, hayakuingia tangini tena. Ningeweka hatua hii ya kuchuja juu ya zote kwa faida inayoleta ikilinganishwa na muda inaochukua.

Mwenye tangi aliuliza kama angeweza kuwazoesha chakula kilichogandishwa ili apumzike na kazi ya kuangua. Wapo wakubwa wa spishi hii wanaofyonza kopepodi waliogandishwa ikiwa mapovu ya kichujio yanawasukuma mbele ya midomo yao, na jaribio kama hilo halina ubaya kwa mnyama aliyeshiba. Sikulipendekeza. Kisichotembea hakiamshi kuwinda kwa uhakika, kinazama, kinaoza, na katika lita 20 kuoza kwa mlo mmoja kunaweza kuonekana kwenye kipimo cha amonia siku hiyohiyo. Kopepodi hai, kinyume chake, ni nyongeza bora, na kwa jike anayetunga mayai ningewatafuta hata kwa shida, ila kuwazalisha kwa wingi wa kutosha mlo mzima ni kazi nzito kuliko kuangua atemia.

Uzao uliofuata ulizaliwa katika tangi ambalo kurunzi ya usiku haikuonyesha nyuzi tena, na wengi wa vifaranga walivuka wiki mbili za kwanza, wakila lava walioanguliwa siku hiyohiyo kuanzia saa za kwanza za maisha yao. Sababu ya kifo cha jike wa kwanza haiwezi kuthibitishwa, kwa kuwa hakuchunguzwa baada ya kufa. Kukonda kwake kunalingana na njaa, lakini hidroidi huenda walichangia. Swali lililobaki mezani kwa mwenye tangi ni la idadi. Madume manne wenye afya wanaoweza kubeba mimba nyingine muda mfupi baada ya kuzaa watalijaza tangi la lita 20 ndani ya miezi michache, na lava wanaotosha wakubwa saba hawatatosha vifaranga thelathini juu yao. Amekubali kuwatenganisha madume na majike katika vyombo viwili hadi atakapokuwa na chupa za kuangulia zinazolingana na idadi ya midomo.